Mapaja ya Katapila

Jumamosi ile ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, mzee Mushagalusa alianguka mbele ya watu wote wa mtaa wa Kasha. Hakuna aliyemlazimisha kubeba jiwe. Mkubwa wa mtaa alikwisha kumwambia akae kando na wazee wenzake, awaangalie vijana wakizibua mifereji. Lakini mzee huyu hakuzoea kukaa kando. Ujana wake aliumaliza katika machimbo ya dhahabu ya Luhwindja, ambako alibeba chuma cha reli peke yake wakati wengine walikibeba wawili wawili, na ndiko alikopewa jina la Katapila, kama ile mashine ya kusukuma udongo. Basi aliinama, akalikumbatia jiwe, akaliinua hadi magotini. Hapo mapaja yakaanza kumtetemeka. Jiwe likamponyoka, naye akaketi matopeni kwa kishindo.

"Katapila iko na panne!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Mumutilie mazutu!" mwingine akadakia, kana kwamba ni injini iliyozimika kwa kukosa dizeli.

Watu walicheka, hata wanawake wenye watoto mgongoni. Tusiwaonee sana. Mtu anayetolewa kitandani kila Jumamosi kufyeka nyasi za serikali bila malipo hucheka chochote anachokipata. Ila mzee hakucheka. Aliyatazama mapaja yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemkosea adabu.

Mwanawe Grégoire, karani wa depo ya bia, ndiye aliyemwinua. Alijitayarisha kwa uzito mkubwa, nusura wote wawili waanguke kinyumenyume, kwa maana baba yake alikuwa mwepesi mno.

Nyumbani, Déogratias, mdogo wake mzee, alisema lile ambalo wengine walikuwa bado wanalitafuna. Aliikunja suruali ya kaka yake mpaka juu, akawaonyesha watu miguu. Magoti yalikuwa manene kuliko mapaja. Ngozi ilining'inia pale ambapo zamani palijaa nyama.

"Muangalie," alisema. "Huyu mutu hana homa. Hakohoe. Anakula kila siku. Mwaka ya jana alikuwa anapasua kuni yeye mwenyewe. Nyama imeenda wapi?"



"Kaka, kinachokukula kiko mu nguo yako," Déogratias alisema, na macho yake yakaenda jikoni, ambako Euphrasie, mke wa Grégoire, alikuwa akisonga bugali.

Mjini Bukavu mtu hakondi bure. Akikonda haraka ana ugonjwa. Akikonda polepole ana adui, na adui hutafutwa kwanza kwa yule anayeshika mwiko. Tena Euphrasie alitoka Sange, chini kule kwenye bonde la Ruzizi, na kwa watu wa milimani hilo peke yake lilikuwa nusu ya ushahidi. Alikuwa na watoto wawili, Adalbert na Eulalie. Akiitwa mtia sumu, angepandishwa lori la Uvira siku hiyohiyo, na watoto wangebaki, kwa sababu watoto ni wa ukoo wa baba. Alilijua hilo kabla mtu hajamwambia, na mwiko ukamlemea mkononi.

*

Kule milimani, anayekupa pombe hupiga funda kwanza mwenyewe, ndipo akupe. Ni adabu, na kwa kawaida hufanywa kwa utani na vicheko. Katika nyumba ya Grégoire adabu hiyo ikageuzwa kitanzi. Kila sahani iliyokwenda kwa mzee, Euphrasie aliionja mbele ya watu, na msimamizi alikuwa Martine, dada yake Grégoire, aliyemwacha mume wake mjini na kurudi kwa baba bila kazi ya kufanya. Sasa aliipata.

"Si ya pembeni," alisema Martine. "Kamata ya katikati. Sumu haikae pembeni."

Euphrasie alimega katikati, akala.

"Na supu. Meza. Fungua kinywa tuone."

Alifungua kinywa. Adalbert na Eulalie walikuwa wamekaa mkekani, wakimtazama mama yao akiachama kama ng'ombe sokoni. Grégoire alikuwa akiitazama sahani yake.

"Vumilia," alimwambia baadaye uani, wakati mkewe akiosha vyombo. "Ni ya siku kidogo. Ukikataa, batu watasema nini?"

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi ninasema vumilia."

Grégoire hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga katika nyumba ni hatari kuliko mwizi, kwa kuwa mwizi utamfungia mlango.

Mzee mwenyewe alikula alichopewa. Tangu aanguke, huo ulinzi ulikuwa kitu cha kwanza kumpendeza. Vijana waliomcheka sasa walipita mlangoni wakiuliza hali yake kwa sauti ya chini, maana mtu aliyelishwa sumu hachekwi. Ana adui, na mwenye adui bado ni mtu wa maana.

*

Euphrasie ndiye aliyempeleka hospitali. Déogratias hakutaka, Martine hakutaka, Grégoire alisema hana ruhusa kazini. Aliuza kikwembe, kitenge chake kipya, akaenda na mzee mjini, mzee akatolewa damu, akapimwa mapafu, wakaambiwa warudi wiki ijayo. Waliporudi walimkuta daktari kijana, Floribert, aliyevaa abakosi, suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri na ambaye alikuwa ametoka masomoni Ulaya karibuni.

Daktari alimwambia mzee avue suruali. Papo hapo Euphrasie aligeuka, akatazama ukuta. Mke wa mtoto haoni mapaja ya mkwe wake.

"Citoyenne, geuka," daktari alicheka. "Ni wewe utamutunza."

"Nasikia hapa tu, docteur."

Basi mambo yote yaliyofuata aliyasikia akiwa na uso ukutani. Alisikia daktari akimwambia mzee asimame kutoka kitini bila kushika kitu. Alisikia kiti kikilia, pumzi ikimtoka mzee, na kiti kikilia tena. Mzee alikuwa ameshindwa.

"Hana sumu?" Euphrasie aliuliza.

"Sumu gani? Damu iko safi, ini iko muzuri, kifua iko muzuri." Daktari alivuta kiti. "Papa, ulifanya kazi ya chuma, si vile? Chuma ukiiacha inje inafanya nini?"

"Inashika kutu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya hewa na maji."

"Na mwili iko vile. Hewa tunapumua njo inachoma chakula ndani ya nyama, tunapata nguvu. Lakini kila moto iko na moshi. Kijana, mwili yake inafagia ile moshi mbio, na pale nyama imeharibika inatengeneza ingine. Muzee, fagio inachakaa. Moshi inabakia ndani, inakula nyama polepole, na mapaja ni ya kwanza. Mabingwa wangali wanabishana, lakini wengi wanaona ni vile."

"Donc mimi niko na nini?"

"Uzee, papa."

"Uzee tu?"

"Uzee tu!" Daktari alilisema kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema. "Sindano yake hakuna. Lakini tunaweza kupunguza mwendo. Mama, umupe mayai, samaki, maharagi, majani ya sombe, avoka. Bugali peke yake haijenge kitu. Na kazi! Usimulaze. Asimame, akae, asimame. Atembee mulima na kitu mukononi. Nyama inayokaa bure inakufa mbio zaidi."

Mzee alivaa suruali. Aliifunga kwa kamba, maana mkanda haukuwa na tundu la kumtosha tena.

Njiani, walipokaribia Bagira, si mbali na kwao, mzee alisimama kupumzika karibu na mikaratusi.

"Mama Adalbert," alisema, "yale maneno ya kutu yasifike kwa mutu. Hata kwa Grégoire."

"Papa, mais ile maneno njo itaniokoa."

"Nitaisema mimi mwenyewe. Niache kwanza nipate nguvu. Mutu akisimama anaweza kusema, 'nilikuwa muzee.' Akiwa chini, hawezi. Watanicheka mupaka nikufe."

Euphrasie angeweza kukataa. Lakini mkwe alikuwa akimwomba, mwanamume mzima, barabarani, naye hakulelewa kumkatalia mkwe. Akakubali, na papo hapo akawa amejifunga kamba mwenyewe.

*

Alianza siku iliyofuata. Asubuhi, Grégoire akiwa kazini na Martine bado amelala, alikipindua kinu uani, akamketisha mzee juu yake.

"Simama, papa. Usishike."

"Siwezi."

"Jaribu. Hakuna mutu anaona."

Alimpa mayai ya kuchemsha, sambaza, wale dagaa wa ziwani, maharagi, na avoka alizookota kwa jirani. Jioni aliteremka naye kisimani. Yeye na bidoni mbili kubwa za maji, mzee na kibidoni kidogo kilichokuwa cha mafuta. Mwanzoni mzee alipumzika kila penye jiwe. Baadaye akawa anapumzika mara chache. Hatimaye asubuhi moja akasimama kutoka kwenye kinu bila kushika kitu, akabaki wima, mikono hewani, akiogopa kuisogeza.

"Mama Adalbert, umeona?"

"Nimeona, papa."

"Angalia tena." Akaketi, akasimama tena. Akacheka, na Euphrasie akacheka, hata akasahau kufunika kinywa kama mke wa mtoto anavyopaswa. Furaha aliyoipata katika nyumba ile mwaka huo ilikuwa hiyo tu.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Wanawake wa kisimani walikuwa na macho. Walimwona mzee wa watu, mgonjwa wa sumu, akipanda mlima na maji mkononi nyuma ya mke wa mtoto wake. Habari ilifika nyumbani kabla ya maji.

"Unatuma papa yangu maji kama boyi?" Martine alimpokea mlangoni. "Sumu haikutosha, sasa unamumaliza na kazi?"

"Ni yeye anataka kutembea."

"Anataka! Mutu hana nyama, anataka!" Akamtazama baba yake. Mzee aliweka kibidoni chini, akaingia ndani bila kuinua macho.

Asubuhi iliyofuata Martine aliamka mapema, akakuta yai kwenye sahani.

"Onja."

Euphrasie aliitazama sahani. Sombe alikuwa ameonja, bugali, supu, hata maji. Lakini mayai alikuwa akimpa mzee wakati Martine amelala, na yeye mwenyewe hakuwahi kula yai maishani. Mama yake kule Sange hakula, wala bibi yake. Walimfunza tangu utotoni kwamba mwanamke anayekula yai anakula watoto wake mwenyewe.

"Kwetu mwanamuke hali yai," alisema.

"Aa!" Martine alipiga makofi. "Batu muje musikie! Anaonja yote, isipokuwa yai. Na ni yai njo anamupa papa kila siku!"

*

Walikutana sebuleni Jumapili baada ya misa. Déogratias aliketi kwenye kiti kikubwa, mzee pembeni yake, Grégoire mlangoni kama mtu anayetaka kutoka. Majirani walijaa uani, wengine wamesimama juu ya matofali ili waone vizuri. Euphrasie aliwekwa chini katikati, na mbele yake sahani yenye yai moja.

"Hatutaki kelele," alisema Déogratias. "Kula tu. Ukikula, maneno imeisha."

Euphrasie aliwatafuta watoto wake kwa macho. Walikuwa wameshikwa na jirani mmoja kule nyuma. Alichukua yai, akalimenya, akauma. Aliwaza juu ya Adalbert, akawaza juu ya Eulalie, na kiini hakikupita. Alitapika palepale, mbele ya viatu vya Déogratias.

Uani kulilipuka. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Martine alikuwa amesimama, mikono kichwani, akilia machozi ya kweli, maana yeye aliamini kila alilolisema.

"Si sumu!" Euphrasie alipaza sauti, akijifuta kinywa kwa kanga. "Papa hana sumu! Docteur alisema! Ni uzee inakula nyama yake, sawa kutu ku chuma! Alisema mayai, alisema atembee! Mumuulize yeye mwenyewe, tulikuwa wote!"

"Docteur alisema ni uzee?" Déogratias alicheka kidogo. "Mimi ninamufuata kwa miaka mbili tu. Mbona nyama yangu iko?"

"Mumuulize!"

Wote wakamgeukia mzee. Hata Grégoire aliingia hatua moja ndani. Euphrasie alimtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mzee Mushagalusa alijua. Aliyajua mapaja yake, alikijua kinu, alijua mkono gani ulimwinua. Lakini pale dirishani aliwaona wale vijana wa salongo, wameegemea, wanangoja. Wangekuwa wapole kwa mtu aliyelishwa sumu. Kwa Katapila aliyechakaa tu, kama fagio, kama jembe la zamani, wangecheka mpaka siku ya mazishi. Alitaka kusema baadaye, atakapokuwa na nguvu, alivyoahidi. Hakuwa nazo bado za kutosha. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alimshika aliyekuwa karibu.

"Kaka," Déogratias alisema, "docteur alisema nini?"

"Sikusikia docteur kusema kitu," mzee alijibu. "Tangu nianze kula ile mayai yake, tumbo inaniuma."

Euphrasie hakulia. Grégoire alitoka nje.

*

Lori la Uvira liliondoka mchana huohuo. Euphrasie alipewa nguo zake ndani ya mfuko mmoja. Eulalie alimkimbilia hadi barabarani, Martine akamshika kiuno na kumrudisha huku mtoto akipiga mateke hewani. Adalbert hakukimbia. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mama yake alitaka kumwua babu, naye alikuwa katika umri wa kuamini.

Sasa mzee alitunzwa kwa heshima kubwa. Déogratias aliagiza asiguse kitu, sumu isije ikapanda moyoni. Mganga alileta dawa ya kutapisha, akakataza mayai, samaki na nyama. Martine alimpikia uji mwepesi wa mahindi, akamlisha kwa kijiko. Alipotaka kwenda uani walimbeba. Alipotaka kukaa walimlaza. Kinu kilirudishwa jikoni. Martine alikuwa binti mwema, na kwa wema huo akamaliza mapaja yaliyokuwa yamebaki, kisha mabega, kisha mikono. Mvua zilipokwisha mzee hakuweza kujigeuza kitandani, na vidonda vikamtoboka mgongoni.

"Munaona?" Déogratias aliwaambia waliokuja kumtazama. "Mwanamuke alienda, sumu ilibakia. Ile ya bondeni haina muchezo." Wageni walitikisa vichwa kwa huzuni, wakamshika mzee mkono. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo alilolinunua.

Grégoire aliingia siku moja ametoka kazini, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na shati lisilofuliwa. Eulalie alikuwa akikohoa chumba cha pili.

"Grégoire," mzee alisema, "umwite."

"Nani, papa?"

"Mama Adalbert. Muteremuke Sange, mumulete. Atanisimamisha. Nilikuwa nasimama. Nilisimama peke yangu, bila kushika. Yeye aliona."

Grégoire alivuta shuka hadi kifuani mwa baba yake.

"Docteur alisema ni uzee. Nilisikia. Nilisema uongo mbele ya batu." Machozi yalimtiririka mzee hadi masikioni, kwa kuwa hakuweza kuinua mkono kuyafuta. "Hakunitilia kitu. Alinipa mayai tu. Umurudishie batoto yake."

Grégoire alijua kwamba ni kweli. Alilijua tangu siku ile, alipotoka nje ili asilijue zaidi. Sasa mlango ulikuwa wazi, na lori la Uvira huondoka kila siku. Akaiona safari nzima: kuteremka hadi Sange, kupiga magoti mbele ya wakwe, kurudi naye, kumkabili baba mdogo, kumkabili Martine, na watu wote wa Kasha wakiulizana ni mwanamume gani anayemfukuza mke kwa sababu ya yai. Martine alikuwa ameingia na bakuli la uji, naye amesikia maneno ya mwisho ya baba yake.

"Papa anasema nini?" aliuliza.

"Iko anachanganya," Grégoire alijibu. "Ile sumu imefika ku kichwa."

"Hapana," mzee alisema. "Grégoire, hapana. Sichanganye. Mimi ninasema—"

"Maskini papa," alisema Martine. Akamwinua shingo kwa upole, akamtia kijiko kinywani.